Kufuli kwenye Simu ya Themi

Wenzangu wa ofisini, kila jioni mlikuwa mkiniona nainamia kona ya chini ya skrini, pale penye saa, kabla sijabeba mkoba wangu kwenda nyumbani. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama nina ugomvi na saa. Nikamjibu kwamba ni hadithi ndefu, na nilikuwa na haraka. Sasa nimestaafu, haraka imekwisha. Asubuhi nakunywa chai mpaka inaisha kwenye kikombe, jambo ambalo ofisini halikuwahi kunitokea.

Vyeo nitaviruka. Nilivyopata vilikuja na kazi ileile, ila meza ilisogezwa karibu na dirisha. Mishahara nayo naiacha, maana yenyewe iliniacha mapema kila mwezi. Nitaeleza jinsi nilivyoanza, walionifundisha, na jambo moja lililotokea siku zile kompyuta zilipokuwa ngeni mjini Arusha, ambalo kidogo linitoe kazini.

Nilianza kazi kwa sababu ya msiba. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mkubwa katika watoto wanne. Baada ya mazishi baba wadogo walikaa kikao pale nyumbani Kikwe, wakapendekeza tugawanywe, kila mmoja aende kwa ndugu wa kumlea. Nikasema hapana, tutakaa pamoja, shule nitaacha mimi. Hawakubisha sana. Nilikuwa binti wa kukaa kimya, na mtu wa namna hiyo akisema hapana, watu hudhani amelifikiria jambo kwa miaka. Mimi nilikuwa nimelifikiria kutoka kaburini hadi sebuleni.

Mke wa mchungaji wetu aliniombea nafasi ya kujifunza taipu mjini, na nilipoweza kuandika bila kutazama vidole nikapata kazi katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa kahawa. Mkuu wa chumba cha taipu alikuwa Mama Mushi, mwanamke wa Kibosho mwenye miwani ya kamba na rozari kwenye droo. Siku ya kwanza nilifika nimenyoosha sketi, nimekata kucha, niko tayari kuonyesha mwendo wangu. Hakunipa hata karatasi. Alinipa pini na kitambaa.

"Unaona hiyo e na hiyo o? Zimejaa wino. Toa uchafu wote."

"Mashine zote, Mama?"

"Kwani nimekwambia moja?"

Nikasafisha herufi mpaka mchana. Siku ya pili aliniambia kwamba barua yenye e iliyoziba inamfanya msomaji aamini mwandishi ana mafua. Ndivyo alivyofundisha, kwa kejeli ndogondogo ambazo hazikuumiza lakini hazikusahaulika. Alinifundisha kupanga karatasi za kaboni bila kuzikunja, kusikiliza kengele ya mwisho wa mstari, na jinsi ya kuiacha mashine jioni: karatasi itoke, kigari kiwe katikati, kifuniko juu. "Ukiiacha hivyo," alisema, "imelala. Haitakufanyia kitu mpaka urudi." Kwa taipu ilikuwa kweli kabisa. Miaka mingi niliamini kwamba ni kweli kwa mashine zote.

Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda hadi mashambani na magari yao, na ofisi yetu ya ushirika ikaanza kupungua sauti. Leo mashine moja haina mwandishi, kesho mbili. Mama Mushi alirudi Kibosho kwenye migomba yake, akaniachia ushauri: "Nenda kwenye hizi ofisi za safari, Rebeka. Zinaota kama uyoga. Wazungu wanataka kuona simba, lakini kwanza lazima mtu awaandikie barua."

Ndivyo nilivyofika kwa Mzee Massawe. Yeye ni mtu wa Machame, zamani alikuwa na duka la vipuri vya magari. Alinunua Landrova mbili chakavu, akazifufua, akapanga nyumba ya vyumba vitatu mtaani Themi na kutundika kibao chenye picha ya twiga. Twiga yule alichorwa na mtu ambaye nadhani alikuwa amesimuliwa tu. Ofisini tulikuwa watatu: Mzee mwenyewe; mimi wa barua; na Stela wa mapokezi. Nje alikuwepo mlinzi wetu, Lomayani, aliyekaa kwenye kiti cha chuma akijua habari za mtaa mzima bila kuinuka.

Stela alikuwa binti wa Olasiti, mcheshi, na sauti yake ilikuwa mali ya kampuni. Mgeni akiisikia kwenye simu alisahau kuuliza kama mvua zimeanza. Alikuwa na mchumba Mwanza, Godfrey, mtu wa ghala la pamba. Kamati ya harusi yao ilikuwa imeshaundwa, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Massawe mwenyewe. Kwa hiyo habari za Godfrey hazikuwa siri kwa yeyote. Tulijua mpaka anachukia bamia.

Simu tulikuwa nayo moja, ya kuzungusha namba kwa kidole, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Waya uleule ulihudumia faksi. Kwa wale ambao hamkuikuta faksi, niwaambie kwamba karatasi yake ilikuwa inafifia. Ukiisahau dirishani, safari nzima ya mtu inayeyuka, unabaki na karatasi nyeupe na Mjerumani uwanja wa ndege. Tulijifunza kutoa nakala papo hapo.

Kisha ikaja kompyuta. Mzee aliinunua baada ya kuona wenzake wanapata wageni kwa barua pepe. Aliyeifunga alikuwa Idrisa, fundi kijana aliyetoka Tanga, mwenye begi la nyaya na subira nyingi. Alileta na kasanduku kadogo kenye vitaa, modemu, akakaunganisha kwenye waya wa simu. Mara ya kwanza ilipopiga ilitoa mlio mkali, ukafuata mkoromo. Mzee Massawe akaziba masikio.

"Idrisa, hii ni kompyuta au paka amebanwa na mlango?"

"Ndivyo zinavyoongea, Mzee. Zinasalimiana na za Dar."

"Zisalimiane kimyakimya. Wageni watadhani tunachinja kitu humu ndani."

Idrisa akazima ile sauti. Ikabaki kimya kabisa. Mzee akatoa na maagizo mengine siku ileile. Hakutaka barua za wageni zisubiri mtu akumbuke kuzifuata, alitaka ziingie zenyewe. Na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kompyuta ikizimwa na kuwashwa kila siku inachakaa kama injini, ikawa kanuni ya ofisi kwamba jioni tunazima skrini tu. Mke wake alitufumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama vile vya kochi na redio, na kila siku kazi ikiisha nilifunga programu zote, nikazima skrini, nikaifunika. Nilijisikia vizuri nikifanya hivyo. Nilimkumbuka Mama Mushi na mashine zake zilizolala.

Haukupita muda mrefu, lawama zikaanza. Wakala wa Nairobi alisema anatupigia tangu asubuhi na simu inatumika. Shemeji yake Mzee akasema vivyo hivyo. Mzee mwenyewe akiwa Moshi alipiga ofisini, simu inatumika. Akasubiri, akapiga, inatumika. Alirudi, akasimama mbele ya meza ya mapokezi bila hata kuvua kofia.

"Stela, Godfrey hajambo?"

"Hajambo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Leo mmeongea nini kirefu hivyo?"

"Mzee, leo sijaongea naye!"

"Na jana?"

Jana aliongea naye, kidogo. Alipokubali hilo, hakuna aliyemsikiliza tena. Hata mimi nilimwambia jikoni, "Stela, punguza," akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. "Dada Rebeka, na wewe?" akasema. Tena mgao wa umeme ulipotukumba wiki ile, siku za giza simu ilikuwa haitumiki hata kidogo, watu wanapiga na inaita vizuri. Mzee alilitafakari jambo hilo kwa makini kabisa, akafikia uamuzi kwamba Stela gizani hana hamu ya mapenzi.

Jumatatu iliyofuata alikuja na kufuli. Mnaoishi na simu mfukoni hamwezi kuamini, lakini siku zile makufuli ya simu yaliuzwa madukani. Lilikuwa dogo kama kidole gumba, unalipachika kwenye tundu la namba, na gurudumu halizunguki tena. Simu ikiingia unapokea. Kupiga huwezi mpaka ufunguliwe. Mzee akalibana, akatoa ufunguo wake wa pekee, akapita meza ya Stela moja kwa moja mpaka kwangu.

"Utakaa nao, Rebeka," alisema. "Aliyewalea wadogo zake watatu hawezi kushindwa kulea ufunguo."

Niliutia kwenye uzi nikauvaa shingoni. Sikuuvua hata nikioga. Aliyetaka kupiga simu ya kazi alikuja kwangu, nikafungua, nikasimama pembeni hadi amalize, nikafunga. Stela aliniita Bibi Magereza kwa siku nzima, halafu akachoka.

Na simu ikaendelea kutumika.

Nyinyi mnaosoma sasa mmeshajua kilichokuwa kikitendeka, lakini jiwekeni mahali petu. Chombo cha kupigia simu kimefungwa kwa chuma. Wakala anasema inatumika. Stela hana ufunguo. Anao nani? Macho ya ofisi nzima yaliishia shingoni kwangu. Stela, ambaye sasa alikuwa huru, hakunisema vibaya. Alisema tu, "Dada, kama kuna mtu, tuambie. Tutafurahi." Aliamini nimepata mchumba hatimaye. Nadhani alianza hata kumpenda huyo mchumba.

Jambo lilipokuwa zito ni pale gari letu lilipokatika ekseli kabla ya Karatu, likiwa na familia ya wageni. Dereva alitembea hadi posta, akatupigia mara nyingi apate gari lingine. Inatumika. Inatumika. Wageni walikaa juani mchana kutwa na mtoto mdogo. Aliyewaokoa mwishowe alikuwa mshindani wetu, na aliwaokoa kwa tabasamu pana sana.

Mzee aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Alikuwa hajakasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na huzuni.

"Ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa, Mzee. Haujatoka shingoni."

"Hujamwazima mtu?"

"Hapana."

"Hujapiga wewe?"

"Sijapiga. Sina hata wa kumpigia. Wote niwajuao wako Kikwe, na Kikwe hakuna simu."

Akacheka kidogo bila furaha. "Sasa Rebeka, unataka niamini nini? Kwamba simu inajipiga yenyewe?"

Aliniambia nimalize mwezi, halafu tuagane kwa heri, na barua nzuri ya kunisifu ataiandika. Nilitaka kumuuliza barua hiyo ataichapa nani.

Nilirudi nyumbani nikapika kama kawaida. Mdogo wangu Elisante alikuwa kidato cha nne, mitihani iko mbele yake, na wale wawili wadogo walikuwa bado msingi. Nikiondoka Themi, wa kwanza kutoka shule angekuwa yeye, na alikuwa na akili ya hesabu ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Alinitazama nikisonga ugali.

"Dada, leo unausonga kama umekukosea."

"Kula, uende ukasome."

Lakini haikuwa kazi peke yake. Mimi sikuwa na cheti cha maana, sikuwa na Kiingereza cha kutamba, sikuwa na mjomba serikalini. Nilichokuwa nacho ni kwamba watu wakiambiwa "Rebeka kasema", waliacha kuuliza. Kikionekana hicho ni cha uongo, nibaki na nini? Usingizi uliponikimbia nikaamua kwamba siwezi kuondoka ofisi ile kama mtu aliyefukuzwa kwa kupiga porojo. Kama ni kuondoka, niondoke ikijulikana.

Jumamosi tulikuwa tunafunga adhuhuri. Nilikwenda kwa Mzee kabla hajachukua kofia yake.

"Mzee, kabla hatujaagana naomba kitu kimoja. Tutoke wote. Mimi, wewe, Stela. Ufunguo wa simu uukamate wewe, na wa mlango pia. Twende pale hotelini ng'ambo ya barabara, upige simu hapa ukiwa umetuona kwa macho yako."

Alinitazama. Nafikiri alikuwa anatafuta hila ndani yake, akaikosa. "Haya," akasema. "Lakini soda kila mtu anajinunulia."

Nikafunga programu mbele yake, nikazima skrini, nikafunika kitambaa. Mzee akafunga mlango, akamwambia Lomayani asiruhusu hata nzi. Tukavuka barabara. Meneja wa hoteli alikuwa mtu wa kwao Machame, akatupa simu ya kaunta. Mzee akapiga. Akasikiliza, akatuinulia mkono wa simu tusikie.

"Inaita," alisema. "Mmeona? Mkiwa hapa, inaita."

Tukakaa na soda zetu mpaka zikafika nusu. Mzee, kwa sababu ya uungwana tu nadhani, akasimama apige mara ya mwisho. Akasikiliza. Akaweka chini. Akapiga tena, polepole, kila namba kwa umakini. Kisha akageuka.

"Inatumika."

"Mzee," alisema Stela, "mimi niko hapa. Dada Rebeka yuko hapa." Akanywa fanta yake. "Labda ni wewe."

"Kuna mtu ndani!" Mzee alikuwa ameshatoka.

Tulivuka barabara mbio, mimi na viatu vyangu vya kanisani, na Lomayani alipotuona tunavyokuja akasimama na rungu lake tayari kupigana na yeyote tunayemkimbia. Aliapa hakuna aliyeingia. Mzee akafungua mlango, akabaki kizingitini, akasema kwa sauti ya mahakamani, "Wewe uliye humo ndani, toka!"

Hakutoka mtu. Mzee akamtazama Lomayani. Lomayani akasema yeye ameajiriwa kulinda nje.

Tukaingia. Viti viko vilevile, simu iko na kufuli lake. Mzee akainua mkono wa simu, akauweka sikioni, akaruka.

"Inalia!"

Stela akaupokea. "Aa, hii ni ile kelele ya mvua, Mzee. Naisikia siku zote. Waya zikilowa." Halafu sote tukatazama nje. Jua lilikuwa linawaka, na Meru imesimama bila wingu.

Hapo ndipo Mzee Massawe alipofanya jambo ambalo mpaka leo namheshimia. Alipiga magoti na suti yake ya Jumamosi, akashika waya wa simu kwa vidole viwili kama mtu anayefuata mzizi wa gugu shambani. Akaufuata ukutani, nyuma ya kabati, chini ya meza yangu, akatokomea. Tukabaki tunaona viatu. Sauti ikatoka chini ya meza:

"Kanakonyeza."

"Nini, Mzee?"

"Haka kasanduku. Kanawaka, kanazima. Kanakonyeza!"

Akachomoa waya. Stela bado alikuwa na simu sikioni. "Kelele imekata," alisema. Mzee akarudisha waya, tukasubiri, na baada ya kitambo vitaa vikaanza tena. Nikafunua kitambaa, nikawasha skrini. Hakukuwa na kitu kilicho wazi. Nilikuwa nimefunga vyote, naye ameshuhudia.

Idrisa aliitwa, akaja na baiskeli, jasho linamtoka. Aliangalia mara moja tu, akajikuna kichwa.

"Hii ni programu ya barua pepe, Mzee. Inatafuta barua."

"Rebeka ameifunga!"

"Amefunga dirisha lake. Ukibonyeza ule msalaba wa juu kwenye programu hii, dirisha linaondoka tu, yenyewe inaendelea na kazi kwa nyuma. Tazameni hapa." Akaweka kidole kwenye kona ya chini, karibu na saa. Palikuwa na kibahasha kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Nilikuwa nakiona kila siku. Nilidhani ni pambo. "Huyu ndiye. Kila robo saa anapiga simu Dar kuuliza kama kuna barua. Mtu akiwatumia na picha, anakaa kwenye waya mpaka picha iishe, na kwa simu zetu hizi inaweza kuchukua nusu ya mchana."

"Nani alimtuma?"

Idrisa alisita. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Mzee, ulisema unataka barua ziingie zenyewe."

Mzee akavua kofia.

"Na hizo kelele zake? Mbona hatukumsikia?"

"Ulisema zisalimiane kimyakimya, Mzee."

"Na usiku? Na Jumapili?"

"Ulisema asizimwe."

Stela alijifunika uso kwa khanga aliyokuwa nayo mkobani, mabega yanatikisika. Mzee Massawe akakaa kwenye kiti changu, akakitazama kile kibahasha kwa muda. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo simu ilikuwa inajipiga yenyewe." Akachukua kofia yake, akaondoka bila kutuaga, na mimi sikujua kama bado nina kazi au sina.

Jumapili ilikuwa ndefu. Jumatatu nilifika mapema, nikamkuta amenitangulia, amesimama karibu na meza yangu na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekwenda Machame na kurudi. Akafungua gazeti, akatoa jani la isale, refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo katikati.

Kwa mtu asiye wa milima yetu hilo ni jani la uzio tu. Kwa Mchaga, na hata sisi Wameru tunalielewa, anayekuletea isale amekiri kosa mbele ya watu na mbele ya waliolala makaburini, na wewe uliyekosewa huwezi kumrudisha nalo. Huwa wanapelekeana wazee waliogombania mpaka wa shamba. Sikuwahi kusikia bosi amempelekea mchapaji.

Alilishika kwa mikono miwili. "Rebeka. Nilikuvunjia heshima. Nilikupa ufunguo kwa sababu ya uaminifu wako, halafu nikautumia ufunguo huohuo kukuhukumu."

Machozi yalinijia, na sikutaka kulia kabla ya saa mbili asubuhi. Nikalipokea. "Nimepokea, Mzee. Yamekwisha." Nikavuta pumzi. "Lakini mimi nilikuwa wa pili."

"Wa pili kivipi?"

Nikamwonyesha kwa macho meza ya mapokezi. Stela alikuwa ndio kwanza anaingia, anapangusa vumbi la viatu mlangoni.

Mzee aliangalia gazeti lake tupu. Alikuwa amekuja na moja. Akatoka nje haraka, tukamsikia akimuuliza Lomayani kitu, na baada ya muda akarudi na jani alilokata kwenye uzio wa jirani, dogo, lenye tundu lililoliwa na wadudu. Akalifunga fundo pale pale, akamsogelea Stela.

Stela alilipokea kwa magoti yaliyokunjwa, kama binti aliyelelewa. Kisha akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia katikati yake.

"Mzee, mbona la dada ni zima?"

"La dada limetoka Machame. Lako la dharura."

"Basi nimekusamehe jani lote, isipokuwa hapa penye tundu."

"Hapo penye tundu unataka nini?"

"Kufuli litoke. Na nimpigie Godfrey, mara moja, mbele yenu, mjue huwa tunaongea nini."

Nikatoa uzi shingoni, maana Jumamosi ile Mzee alikuwa amenirudishia ufunguo bila maneno, nikampa. Alilifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akalitia mfukoni, akamsogezea Stela simu. Tukakaa kusikiliza, Lomayani akiwa dirishani. Stela akazungusha namba zote za Mwanza, akajiweka sawa, akasubiri. Uso ukabadilika.

"Inatumika."

Sote tuligeuka kuitazama kompyuta. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, Idrisa alikuwa ameuchomoa.

"Ni huko kwake," alisema Stela taratibu. Akaweka simu chini. Akafikiri. "Na kule ghalani hawana kompyuta."

Mzee Massawe alimwekea mkono begani.

"Usianze, binti yangu," alisema. "Mimi nilianza hivyohivyo."

Stela alipiga tena baada ya chai. Ikaita.